Jua Lilisimama kwa Ajili ya Wagibeoni

Mazungumzo na wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi, yaliyoandikwa baada ya semina

Bwana Yesu asifiwe, wazee wangu. Asifiwe tena, mama zangu.

Mmenipa somo la Israeli kuitwaa Kanaani, na najua mlichokuwa mnakisubiri. Mlisubiri Yeriko. Katika makanisa yetu kitabu cha Yoshua kina sura mbili tu: ya kwanza, penye "kila mahali zitakapopakanyaga nyayo za miguu yenu, nimewapa ninyi", na ya sita, pale kuta zinapoanguka. Tumezunguka viwanja mara saba. Tumepiga kelele usiku mpaka majirani wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Sina ugomvi na maombi ya kuzunguka, kila mtu na mzigo wake. Lakini kitabu hiki kina sura 24, na leo nataka tukae kwenye ya 9 na ya 10. Hizi hatuzihubiri sana, nadhani kwa sababu hazina shujaa. Watu wa Mungu wanadanganywa mchana kweupe, halafu Mungu anawafanya waubebe udanganyifu huo mgongoni, vizazi na vizazi.

Fungueni Yoshua 9.

Yeriko imeanguka. Ai nayo imeanguka, baada ya kushindwa mara ya kwanza kwa sababu ya Akani, yule wa kabila la Yuda aliyefukia ndani ya hema lake nyara zilizokatazwa: vazi zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Habari zimeenea milimani. Wafalme wa Kanaani wanakusanyika kupigana. Wenyeji wa Gibeoni wao wanakaa kikao na kutoka na uamuzi mwingine kabisa.

Tazameni walivyojiandaa, maana mwandishi ameeleza kwa utulivu wa mtu anayefurahia hadithi yake. Wamewapandishia punda magunia makuukuu. Viriba vya mvinyo vimechakaa, vimepasuka na kushonwa-shonwa. Viatu vina viraka. Nguo zimefubaa. Na mkate! Mkate wote umekauka na kuingia koga. Mtu alikaa jikoni akachagua mikate iliyoharibika, akaiweka juu ili ionekane. Wanafika Gilgali, penye kambi ya Israeli, wanasema, "Sisi tumetoka nchi ya mbali sana, mkate huu tuliutoa nyumbani ukiwa moto." Waisraeli wanaushika, wanaonja. Ushahidi upo mkononi, wa nini kuuliza zaidi? Mstari wa 14 unasema walitwaa katika vyakula vyao wala hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana.

Wahubiri wengi hukomea hapo: mwombe Mungu kabla ya kuamua. Ni kweli, na kikao chochote cha kanisa kingefaa kuuandika mstari huo ukutani. Lakini hiyo ni nusu ya hadithi, tena nusu nyepesi.

Wakuu wa mkutano wamefanya nao amani na kuapa kwa jina la Bwana, Mungu wa Israeli, kwamba watawaacha hai. Siku tatu baadaye ukweli unatoka: hawa ni majirani. Wana miji minne hapo hapo, Gibeoni, Kefira, Beerothi na Kiriath-yearimu. Na ni Wahivi, watu walioandikwa kabisa katika Kumbukumbu la Torati 20 miongoni mwa wale wasioachwa hai. Mkutano wote unawanung'unikia wakuu.

Jiwekeni katika viatu vya wakuu hao. Mna sababu zote za kuuvunja mkataba. Mmedanganywa, na makubaliano ya hila kila hakimu angeyatupa. Mna amri ya Musa imeandikwa. Mna wananchi nyuma yenu wanapiga kelele. Mna jeshi. Nikisema mngeweza hata kupata andiko la kuwatetea, sikosei, kwa sababu andiko lilikuwepo.

Wakasema: tumewaapia kwa Bwana, kwa hiyo hatuwezi kuwagusa.

Basi. Hawakusema Wagibeoni ni watu wema, wala hawakusema udanganyifu si dhambi. Waliangalia jina lililotumika katika kiapo, wakaona jina hilo ni zito kuliko kosa la wale walioapiwa. Zaburi ya 15 inapouliza nani atakaa katika hema ya Bwana, mojawapo ya sifa zake ni mtu aliyeapa kwa hasara yake na hayabadili maneno yake. Hasara yake mwenyewe, si ya jirani.

Wagibeoni wakafanywa wapasua kuni na watekaji wa maji kwa ajili ya mkutano na madhabahu ya Bwana. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu mstari huu umetumika vibaya katika bara letu. Makaburu walipoingia bara ya Afrika Kusini na mikokoteni yao ya ng'ombe katika miaka ya 1830, wengi wao walijisomea ndani ya kitabu hiki: wao ndio Israeli, na watu waliowakuta ndio Wakanaani. Tarehe 16 Desemba 1838 waliwapiga Wazulu kwenye mto Ncome, na siku hiyo wakaifanya sikukuu ya nadhiri. Walowezi waliokuja baadaye walipotaka kueleza kwa nini Mwafrika awe kibarua tu kwenye ardhi ya baba zake, maneno "wapasua kuni na watekaji wa maji" yalikuwa tayari mdomoni. Walikuwa na Biblia mkononi. Hawakusoma sura inayofuata.

Sisi tuisome.

Yoshua 10. Adoni-sedeki, mfalme wa Yerusalemu, anasikia kwamba Gibeoni wamefanya amani na Israeli. Anaogopa sana, kwa maana Gibeoni ulikuwa mji mkubwa kama mmojawapo wa miji ya kifalme, na watu wake wote mashujaa. Anawaita wenzake wanne, wa Hebroni, Yarmuthi, Lakishi na Egloni. Wafalme watano wanauzingira mji. Wagibeoni wanatuma watu Gilgali: msilegeze mikono yenu, njooni upesi mtuokoe.

Wazee wangu, kama kuna wakati wa mtu kujisahaulisha kiapo, ndio huu. Yoshua alikuwa na njia rahisi kuliko zote: asifanye lolote. Awaache wafalme watano wamalize kazi ambayo yeye mwenyewe amefungwa mikono asiifanye. Hangevunja kiapo kwa upanga wake. Angechelewa tu. Angesema tunaliombea jambo hili. Mangapi tunayaua kwa njia hiyo katika ofisi zetu za kanisa! Hatukatai, tunaliahirisha hadi kikao kijacho.

Yoshua akapanda usiku kucha. Gilgali ipo bondeni karibu na Yordani, chini kabisa ya usawa wa bahari, na Gibeoni ipo juu ya vilima. Ni kilomita zisizopungua 25, tena za kupanda karibu mita 1,000 gizani, na silaha mabegani, kwenda kuwapigania watu waliokudanganya kwa mkate wenye koga. Asubuhi wakawashukia wale wafalme ghafla. Mvua ya mawe ikanyesha. Na hapo Yoshua ndipo anaposema mbele ya macho ya Israeli: wewe Jua, simama juu ya Gibeoni, na wewe Mwezi, katika bonde la Aiyaloni.

Kila mtoto wa Shule ya Jumapili anajua jua lilisimama. Muulize lilisimama kwa ajili ya nani, atakwambia kwa ajili ya Yoshua, au kwa ajili ya Israeli. Mji ulikuwa umezingirwa, na ndani ya mji ule hapakuwa na Mwisraeli. Walikuwemo Wahivi, waongo, watu wa ile orodha ya wasioachwa hai. Mwandishi anasema haikuwapo siku nyingine kama ile, mbele yake wala baada yake, Bwana kuisikiliza sauti ya mwanadamu hivyo. Muujiza mkubwa kuliko yote katika vita vile ulitolewa kuwalinda wageni walioapiwa, wala haukutumika kutwaa shamba la mtu. Kwangu mimi hapo ndipo kitovu cha kitabu kizima. Mkinipinga, nitafurahi tukizungumza wakati wa chai.

Haya si ya Gibeoni peke yake. Kabla ya Yeriko, katika sura ya 5, Yoshua anamkuta mtu amesimama na upanga mkononi, anamwuliza kama yuko upande wao au upande wa adui. Jibu ni "La". Amekuja akiwa amiri wa jeshi la Bwana, na Yoshua anaambiwa avue viatu. Tumezoea kuomba kana kwamba Mungu ameajiriwa upande wetu. Kisha tazameni ni nani aliyeokoka Yeriko: Rahabu, kahaba, Mkanaani, aliyeficha wapelelezi chini ya mabua ya kitani darini. Na ni nani aliyeangamia baada ya Yeriko: Akani, mtu wa Yuda, nasaba yake imetajwa hadi kwa baba wa babu yake. Damu haikumsaidia huyu wala kumzuia yule. Hata Kalebu, ambaye tunaimba habari zake, anayeomba mlima akiwa na umri wa miaka 85, anaitwa Mkenizi, jina ambalo kitabu cha Mwanzo kinalitaja katika ukoo wa Esau.

Na nchi yenyewe hawakuuziwa. Walawi 25:23: nchi ni yangu, ninyi ni wageni na wasafiri wangu. Walawi 18 inawaambia nchi iliyowatapika waliokuwapo inaweza kuwatapika na wao. Ikawatapika, mnajua, hadi Babeli.

Najua swali ambalo vijana wetu wanaliuliza, na huwa tunawanyamazisha: Mungu wa upendo aliamuruje watu wauawe hata na watoto wao? Sitajifanya nina jibu la kulimaliza. Nawaambia mambo mawili tu. La kwanza, msilisome agizo lile kana kwamba ni lenu. Lilitolewa kwa watu fulani, kwa nchi fulani, wakati fulani, na Biblia hairuhusu mtu mwingine alichukue. La pili, someni kwa makini, maana kitabu kinachosema wenyeji waliangamizwa wote ndicho kinachosema tena katika sura ya 13 kwamba nchi iliyobaki ni nyingi mno, na Waamuzi sura ya 1 inahesabu mji baada ya mji ambao wenyeji wake walikaa na Israeli. Lugha ya ushindi ya zama zile ilikuwa na desturi ya kukuza mambo. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wana maneno yao kuhusu Yeriko, tangu Kathleen Kenyon alipochimba pale katika miaka ya 1950 na kusema hakuona ukuta wa wakati huo. Huko siendi leo, muda hautoshi.

Nitaenda Gibeoni, kwa sababu mji ule umeonekana. Kijiji cha al-Jib, kaskazini-magharibi mwa Yerusalemu, kilichimbwa na James Pritchard kati ya 1956 na 1962. Wakakuta mishikio ya mitungi imechorwa jina la Gibeoni kwa herufi za Kiebrania. Ni ya zama za wafalme, si ya Yoshua, lakini mahali pakajulikana. Wakakuta pia shimo la duara lililochongwa kwenye mwamba mtupu, na ngazi 79 zinazozunguka ukutani zikishuka hadi kwenye maji. Aliyepitia maisha ya kuteka maji hana haja ya kuambiwa zaidi: kushuka na mtungi mtupu, kupanda na mtungi umejaa, bega linaloegemea ukuta ndilo linalochubuka.

Sasa twende mbele, kwa sababu kiapo hakikuishia kwa Yoshua. 2 Samweli 21. Daudi ni mfalme. Njaa imekaa miaka mitatu, mwaka baada ya mwaka. Daudi anautafuta uso wa Bwana, na jibu linamrudisha nyuma: ni kwa ajili ya Sauli na nyumba yake yenye damu, kwa kuwa aliwaua Wagibeoni.

Tukio lenyewe la Sauli kuwaua halikusimuliwa popote. Tunapewa sababu tu: alitaka kuwaua katika juhudi yake kwa ajili ya wana wa Israeli na Yuda. Juhudi! Sauli hakuwa mlevi siku ile. Alikuwa na bidii ya dini na ya taifa. Nadhani alijiona anaimaliza kazi ambayo Yoshua aliiacha nusu, anasahihisha kosa la wazee waliotangulia. Yeye hakuapa. Baba yake Kishi hakuapa. Kiapo kilikuwa cha watu waliokufa zamani, tena waliodanganywa.

Hapa nizungumze na ninyi moja kwa moja, kwa kuwa ninyi ndio mnaoshika madaftari ya vikao. Kila halmashauri mpya ikiingia, inakuta mambo ndani ya daftari. Kanisa liliahidi kumjengea mwinjilisti mstaafu chumba na choo. Kanisa lilikubaliana na familia iliyotoa kiwanja kwamba makaburi ya babu zao hayataguswa. Kanisa lilimwambia mjane wa mlinzi kwamba watoto wawili watasomeshwa. Halafu mtu mmoja, mwenye bidii, msomi, anayetaka kanisa lisonge mbele, anainuka na kusema: "Hayo waliahidi wazee waliopita, sisi hatukuwepo. Tena yule mzee mwenyewe wa kiwanja hakuwa mkweli kuhusu mipaka." Kila anachosema ni kweli. Na hata Sauli angesema hivyo hivyo.

Mungu hakumwambia Daudi, "hayo ni ya utawala uliopita".

Kilichofuata kinaumiza, na sitakipaka rangi. Wagibeoni walikataa fedha na dhahabu. Wakataka watu saba wa uzao wa Sauli, na Daudi akawatoa, wawili kati yao wana wa Rispa binti Aya, suria wa Sauli. Wakatundikwa mlimani mwanzo wa mavuno ya shayiri. Rispa akatwaa nguo ya gunia, akaitandika juu ya mwamba, akakaa hapo mpaka mvua iliponyesha. Mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza wanyama. Mvua katika nchi ile kwa kawaida huanza Oktoba hivi, na shayiri huvunwa Aprili. Kama ndiyo mvua aliyoisubiri, hesabuni wenyewe. Yeye hakumuua Mgibeoni yeyote. Watoto wake hawakutajwa kwamba waliua. Lakini kiapo kilichovunjwa ofisini kwa mfalme kililipwa na mwanamke mwenye kitambaa cha gunia. Daudi alipoambiwa alichofanya Rispa, ndipo alipokwenda kuikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani na kuizika pamoja na ya wale waliotundikwa. Na andiko linasema ni baada ya hayo Mungu aliombwa kwa ajili ya nchi, akasikia. Mimi naona mfalme alifundishwa na yule mama. Wengine wanaisoma tofauti.

Na Wagibeoni? Waliopewa kupasua kuni za madhabahu, baadaye walikaa na madhabahu yenyewe. Hema ya Bwana iliyofanywa na Musa ilikuwa katika mahali pa juu pa Gibeoni. Sulemani alikwenda kutoa sadaka huko, na ni huko alipoota ndoto na kuomba hekima. Ishmaya Mgibeoni ametajwa miongoni mwa wale thelathini mashujaa wa Daudi. Na watu waliporudi kutoka Babeli kuujenga ukuta wa Yerusalemu, Nehemia 3:7 inamtaja Melatia Mgibeoni akitengeneza sehemu yake pamoja na wenzake. Wajukuu wa waongo walirudi na wenye nchi, wakashika mwiko wa mwashi kujenga ukuta wa watu waliowaapia.

Nimalizie kwa swali aliloniuliza mzee mmoja mara tu nilipoketi, maana wengi walicheka lakini lilikuwa swali la haki. Alisema: "Mchungaji, tumeuziwa kiwanja cha kanisa na mtu ambaye si mwenye nacho. Karatasi za uongo, na sisi tumeweka sahihi. Kwa somo lako, tumwache kwa kuwa tulikubaliana?"

Hapana, mzee wangu. Wagibeoni walidanganya ili wasiuawe. Hawakuchukua hata mbuzi wa mtu. Huyo amewaibia sadaka za akina mama. Tena sahihi yenu si kiapo cha kumlinda mwizi, na hakuna mahali Yoshua aliponyimwa haki ya kumwita mtu na kumwuliza, "Mbona mmetudanganya?" Aliwaita Wagibeoni, akawauliza, na adhabu ikatolewa hadharani. Nendeni baraza la ardhi la kata, bebeni karatasi zote, na mashahidi wawili waliokuwepo siku ya kulipa. Ila kama katika makubaliano yale mlimwahidi mwenye ardhi halisi, au jirani yake, njia ya kupitisha ng'ombe, njia hiyo iacheni wazi, hata kesi iishe vipi.